Wasomaji Wanauliza: Madini Yetu Yanaishia Hatua Ipi?

Katika toleo lililopita tuligusia madini mkakati, yaani nikeli, kobalti, kinywe (grafiti), shaba, lithiamu na madini adimu, ambayo viwanda vya betri na vya vifaa vya umeme haviwezi kwenda bila hayo. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko kurasa zetu, na karibu zote ziliuliza jambo moja: kwa nini mali ichimbwe kwetu na kusafishwa kwingine. Nimechagua barua tano.

Kabla ya kujibu, naomba tuelewane kwanza juu ya maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi hutokana na neno "kuchakata" kubebeshwa mzigo usio wake. Mawe yenye madini yanayotoka shimoni ni mbale. Mbale ikisagwa na kuchenjuliwa ili mwamba usio na faida uondoke, yanabaki makinikia, ambayo bado si metali. Makinikia yakichomwa tanurini, au yakilowekwa katika tindikali chini ya joto na mgandamizo mkubwa, ndipo hupatikana metali isiyo safi au chumvi zake. Hatua ya mwisho ni kusafisha, na ni hapo tu ndipo hupatikana nikeli au kobalti ambayo kiwanda cha betri kitaipokea. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba madini fulani "yanachakatwa nchini", uliza yanaishia hatua ipi, maana fedha nyingi, kazi nyingi na sumu nyingi zimegawanyika kati ya hatua hizo bila usawa.

Swali: *Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mfanyabiashara mdogo wa Kahama. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe tunaambiwa kwamba kiwanda cha kusafisha nikeli kinakuja, nami nimekodi fremu mbili nikisubiri. Sasa nasikia mgodi wa Kabanga utaanza kwa kuuza makinikia nje. Kwa nini Serikali isipige marufuku makinikia yasitoke, ili mwekezaji alazimike kujenga?*

Jibu: Ndugu yangu, ulichosikia hukukisikia vibaya. Mkataba wa Januari 2021, ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16, uliweka pamoja mambo mawili: mgodi wa Kabanga wilayani Ngara, na kiwanda cha kusafisha metali huko Kahama. Kahama haikuchaguliwa kwa upendeleo. Buzwagi ilichimba dhahabu kuanzia 2009 hadi 2021 na kuacha umeme, barabara, uwanja wa ndege na watu waliokwisha kuzoea nidhamu ya kazi ya mgodini. Kisha bei ya nikeli ikaanguka, kutoka karibu dola 30,000 kwa tani mwanzoni mwa 2023 hadi karibu dola 16,000 mwaka mmoja baadaye, baada ya Indonesia kufurika soko. Upembuzi yakinifu uliotangazwa Julai 2025 ukajikita kwenye mgodi na kinu cha makinikia, na kiwanda cha Kahama kikasogezwa hatua ya baadaye.

Hasara ya kusogezwa huko inaonekana kwa hesabu ndogo. Makinikia ya nikeli kwa kawaida hayazidi nikeli moja katika uzito wa tano, na kilichobaki ni chuma na salfa kwa wingi. Kutoka Ngara hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo lori linalobeba tani thelathini za makinikia linasafirisha tani ishirini na nne, pengine zaidi, za vitu ambavyo mnunuzi hatavilipia kama nikeli. Ukisafisha Kahama, unasafirisha metali peke yake.

Ama marufuku, tumekwisha kuijaribu, na itafaa tuikumbuke yote bila kuchagua kipande kinachotupendeza. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Tulichopata kutokana na msimamo ule si kidogo. Tulipata sheria mpya za maliasili, hisa za bure za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika migodi, mrabaha wa asilimia 6 kwa madini ya metali badala ya 4, na mwaka 2020 makubaliano na kampuni ya dhahabu ya Barrick yaliyoleta kampuni ya pamoja ya Twiga na malipo ya dola milioni 300. Ninayaheshimu mafanikio hayo na sitaki yadharauliwe. Lakini kinu cha kuyeyushia makinikia, ambacho ndicho kilichotajwa kila siku kuwa shabaha, hakikujengwa. Mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na watu wakaachishwa, na makontena yale hatimaye yaliuzwa nje. Sababu haikuwa woga wala hujuma pekee. Kinu cha shaba cha kisasa hula mamia ya maelfu ya tani za makinikia kwa mwaka, na migodi yetu miwili iliyotoa makinikia hayo, Bulyanhulu na Buzwagi, haikuwa na chakula cha kulitosheleza tumbo hilo.

Wanaotaka marufuku hutaja Indonesia, na wana haki ya kuitaja. Nchi ile ilizuia nikeli ghafi mwaka 2014, ikalegeza 2017, ikazuia tena Januari 2020, na leo imejaa viwanda. Lakini Indonesia inatoa zaidi ya nusu ya nikeli yote inayochimbwa duniani, hivyo mnunuzi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Sisi tukifunga wetu, atakwenda kwao. Aidha, sehemu kubwa ya viwanda vyao ni mali ya wageni na huendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe, na mlipuko wa Desemba 2023 katika eneo la Morowali uliua wafanyakazi 21. Anayeusifu mfano huo na auchukue pamoja na gharama zake.

Kama ningeulizwa, ningedai tarehe. Leseni ya kuuza makinikia iwe na mwisho unaojulikana, na kila mwaka unaopita bila kiwanda kuanza, tozo ya makinikia ipande kidogo, ili kusubiri kuwe na bei. Nayo Serikali itimize upande wake kwa tarehe hizo hizo, kwa sababu kiwanda cha kusafisha metali hakivumilii umeme wa kukatika. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, jambo ambalo miaka kumi iliyopita lingeonekana ndoto. Kazi iliyobaki ni njia za kusafirisha umeme huo hadi Ngara na Kahama kwa msongo wa uhakika, na reli ya kisasa kufika Isaka.

Liko jambo jingine ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha. Ukisimama Tunduma utaona malori yaliyobeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam yakielekea Zambia na Katanga, kusini mwa Kongo, ambako hutengenezewa tindikali ya kulowekea mbale za shaba. Salfa hiyo tunaiona ikipita kutoka ng'ambo, ilhali makinikia ya nikeli ya Kabanga yamejaa salfa ambayo, yakisafirishwa yalivyo, tutailipia nauli kwenda baharini. Nchi inayopanga viwanda vyake ingeyaweka mambo hayo mawili mezani kwa pamoja.

Kuhusu fremu zako, nitasema wazi kwa sababu ni fedha zako. Usichukue mkopo kwa kutegemea kiwanda ambacho ujenzi wake haujapewa tarehe. Wateja wa kwanza wa mradi huu watakuwa Ngara, siyo Kahama.

Swali: *Shikamoo Mhariri. Mimi ni mkulima, ninaishi Mahenge wilayani Ulanga. Tunaambiwa kinywe chetu kinakwenda kwenye betri za magari, na kwamba kikiongezwa thamani hapa hapa tutapata ajira. Ninachoogopa ni maji. Hiyo thamani inaongezwa kwa dawa gani, na uchafu wake unakwenda wapi?*

Jibu: Marahaba, mama. Hili ni swali ambalo wataalamu wengi hulipitia haraka, kwa hiyo nitakwenda nalo polepole.

Hatua ya kwanza, ambayo ndiyo inayopangwa kufanyika karibu na mgodi, si ya kutisha ikisimamiwa. Mbale husagwa, huchanganywa na maji na mafuta kidogo pamoja na dawa ya kutoa povu, na kinywe, ambacho kwa asili hakipendi maji, hupanda juu na povu hilo na kukusanywa. Katika kila tani kumi na mbili hivi za mbale za Mahenge hupatikana takriban tani moja ya kinywe. Zile kumi na moja zinazobaki huwa tope la mawe yaliyosagwa, na tope hilo hukaa kwenye bwawa la mabaki kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Mwamba ukiwa na salfaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na salfa, mvua na hewa huweza kuyageuza maji ya tope hilo kuwa makali kama tindikali. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwekezaji na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, liwe hili: mwamba wetu umepimwa salfaidi, na majibu yako ukurasa gani wa tathmini ya athari kwa mazingira? Tathmini hiyo si siri ya kampuni. Mnayo haki ya kuiomba na kuelezwa kwa Kiswahili.

Hatua ya pili ndiyo inayoleta fedha zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Vipande vya kinywe, ambavyo ni bapa kama magamba ya samaki, husagwa hadi viwe viduara vidogo mno, na katika kazi hiyo karibu nusu ya kinywe hupotea kama vumbi la bei ndogo. Kisha viduara husafishwa hadi asilimia 99.95. Nchini China, ambako zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri hutengenezwa, usafishaji huo kwa muda mrefu umefanywa kwa tindikali ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kula hadi mfupa, na maji yake machafu yakivuja huua mto. Zipo njia nyingine, kama vile kutumia magadi makali pamoja na tindikali nyepesi, au kuchoma kinywe kwenye tanuri la umeme lenye joto la karibu nyuzi 3,000, lakini njia hiyo ya tanuri hula umeme mwingi mno.

Maoni yangu ni kwamba hatua hiyo ya pili Tanzania tuitake, ila isijengwe Mahenge. Mahenge iko juu, na mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero yako chini. Kiwanda cha namna hiyo kikae kwenye eneo la viwanda lenye mtambo wa kutibu majitaka na mkaguzi anayelala karibu, nayo wilaya yenu ipate fungu lake kwa sheria badala ya kuipata kwa kukaa na sumu. Mnaweza kudai yote mawili, na asiwepo wa kuwaambia kwamba anayeuliza habari za maji anapinga maendeleo.

Hofu yako haikutoka hewani. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, bwawa la mabaki ya shaba lilipasuka, maji yenye tindikali yakaingia mto Mwambashi na kufika mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Bwawa la mabaki hujengwa kwa udongo na huhitaji kukaguliwa kila siku. Ulizeni ni nani atakayelikagua lenu siku ambayo mwekezaji ataondoka.

Swali: *Jambo Bwana Mhariri. Ninaandika kutoka Likasi. Baba yangu alitumika Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, miaka ishirini na sita. Alikuwa akituambia kwamba Kongo ilisafisha shaba na kobalti yake yenyewe. Leo kila kitu kinakwenda China. Je, ni kweli tuliwahi kuweza, au ni hadithi za wazee?*

Jibu: Jambo sana, ndugu yetu. Mzee wako alisema kweli tupu, na ninafurahi kuliandika hili hadharani, kwa kuwa wako vijana wanaoamini kwamba Afrika haijawahi kusafisha metali kwa viwango vya kiwandani.

Tanuri la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911. Mji wenu wa Likasi ulikuwa na mitambo ya Shituru iliyotoa shaba safi kwa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mitambo ya Luilu pale Kolwezi ikafuata mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, pamoja na kobalti iliyokwisha kuwa metali. Ili mitambo hiyo isikose umeme, ulijengwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka mabwawa ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, ukakamilika mwaka 1982. Kisha fedha ya kampuni ikanyonywa hadi isibaki ya kununulia vipuri, mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na mwaka 1992 na 1993 wafanyakazi wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga pamoja na ujuzi wao. Mitambo haikushindwa kwa sababu ya kemia.

Leo Kongo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na takriban robo tatu ya kobalti inayosafishwa duniani husafishwa China. Kinachotoka Kolwezi ni haidroksaidi, unga wenye kobalti ya asilimia 30 hivi, unaosafiri kwa malori hadi Dar es Salaam au Durban. Serikali yenu ilisimamisha uuzaji nje tarehe 22 Februari 2025, na kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa 2027. Hatua hiyo imeinua bei iliyokuwa imelala, na kwa maoni yangu ilistahili kuchukuliwa. Hata hivyo viwango huongeza bei ya unga. Havibadilishi unga kuwa metali.

Hapa niseme jambo la kiufundi ambalo wanasiasa hulikosea mara kwa mara. Husemwa kwamba hatua inayofuata iwe salfeti ya kobalti, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye betri. Lakini salfeti hubeba maji ndani yake na ina kobalti ya asilimia 21 tu, pungufu kuliko ya haidroksaidi. Ukiitengeneza Likasi na kuisafirisha hadi Asia, utalipa nauli kubwa zaidi kwa kobalti ile ile. Njia zenye mantiki ni mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye metali, kama alivyofanya mzee wako, kwa kuwa metali hubeba thamani kubwa katika uzito mdogo na hukaa ghalani bila kuharibika. Ya pili ni kuipita salfeti moja kwa moja hadi kwenye unga wa betri uliochanganywa nikeli na manganizi, jambo ambalo Kongo na Zambia zilikubaliana kulifanyia kazi pamoja mwezi Aprili 2022. Njia hii ya pili itahitaji nikeli, na miongoni mwa nikeli iliyo katika kanda yetu ni ile ya Ngara, jirani na mpaka wa Burundi. Natamani mawaziri wa nchi hizi wangekaa kwenye chumba kimoja wakiwa na ramani moja.

Kikwazo chenu kikubwa ni umeme. Migodi ya Katanga leo hununua umeme kutoka Zambia na kuchoma dizeli kwenye jenereta, wakati Inga ipo. Kabla ya kuahidiwa kiwanda kipya, dai waya ule wa 1982 ufanyiwe ukarabati kamili.

Swali: *Mhariri, sisi ni wachimbaji wadogo wa shaba huku Mpwapwa. Tumesikia kwamba shaba ya kijani inaweza kuchenjuliwa kwa tindikali kwenye matangi ya kawaida. Tujaribu?*

Jibu: Kikemia inawezekana, kwa maana mbale ya kijani huyeyuka upesi kwenye tindikali ya salfa. Lakini msiijaribu nyumbani wala mtoni. Mkiwa na kikundi kilichosajiliwa, pelekeni kwanza sampuli kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia, GST, pale Dodoma, mjue asilimia ya shaba mliyo nayo kabla ya kukutana na mnunuzi yeyote. Mchimbaji asiyejua asilimia yake huuza kwa macho ya mnunuzi. Kisha uzeni katika soko la madini, na kama vikundi vinne au vitano mna mbale za kutosha, ombeni kwa pamoja leseni ya uchenjuaji badala ya kila kikundi kuhangaika peke yake.

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM, niko Dodoma. Nataka kufanya kazi kwenye viwanda hivi mnavyoviandika. Nisome nini? Wenzangu wote wanasema jiolojia.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jiolojia ni elimu nzuri, nasi tuna wanajiolojia wazuri. Tunachopungukiwa ni watu wa hatua zinazofuata baada ya jiwe kupatikana. Tafuta shahada ya uhandisi wa metalujia na uchenjuaji wa madini, ambayo inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pia Chuo Kikuu cha Dodoma hapo ulipo, au uhandisi wa kemikali. Huko utajifunza jinsi nikeli inavyotenganishwa na kobalti ilhali metali hizo mbili hufanana tabia kama mapacha, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kiwanda cha kusafisha.

Usidharau maabara. Nilipokuwa kijana kwenye kinu cha dhahabu Kanda ya Ziwa, sampuli zetu zilisafirishwa nje ya nchi, nasi tukasubiri majibu kwa wiki kadhaa tukiwa tunaendesha mitambo kwa kukisia. Mnunuzi wa mwisho haulizi kama una mtambo, huuliza kama cheti chako cha usafi kinaaminika. Tazama kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Mwanza, kilichozinduliwa Juni 2021 kikiwa na uwezo wa kilo 480 kwa siku. Mtambo ulikuwepo, lakini dhahabu ya kutosha kuulisha haikuwa ya uhakika, na mwaka 2024 ilibidi Serikali iagize wauzaji watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya Benki Kuu, isafishwe nchini.

Kwa hiyo, ukiwa chuoni, omba mafunzo ya vitendo kwenye maabara ya GST kabla ya kuomba mgodini. Wenzako watakimbilia mgodini kwa sababu posho ni nono. Wewe jifunze kuandaa sampuli, kusoma mashine ya kupima metali, na kuandika ripoti ambayo mtu wa Rotterdam au Shanghai hatakuwa na sababu ya kuirudia. Ukikwama kupata nafasi, niandikie tena kupitia safu hii, ukitaja mwaka wa masomo uliofikia.